Kizibo Kwenye Jeneza la Persida

Mwendesha mashtaka Ostojić hakuvua kofia alipoingia kwenye kikanisa cha makaburi. Alisimama mbali na jeneza, kama mtu anavyosimama mbali na mbwa asiyemjua, kisha akanyoosha kidole.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho," alijibu Inspekta Milisav Kesić.

Jeneza lilikuwa la Bibi Persida Barbulović, aliyefia kitandani mwake kwa uzee, bila kumsumbua mtu, na hasa bila kuwasumbua polisi. Polisi wasingekanyaga hapo kama mchimba kaburi, alipokuwa akilinyoosha blanketi asubuhi ile, asingegusa leso iliyofungwa fundo miguuni mwa marehemu. Ndani ya leso mlikuwa na meno bandia ya juu. Meno yenyewe yalikuwa ya kawaida, yametiwa umanjano kidogo ili yafanane na ya mvutaji sigara. Lakini upande wa juu wa bamba, mahali ambapo bamba la watu wengine huwa laini kama ganda la yai, palichomoza nundu ya ukubwa wa ndimu changa.

Kesić alikuwa ameitafuta nundu hiyo kwenye takataka za kliniki, kwenye makabati ya kliniki, hata kwenye bomba la maji machafu la kliniki. Jenezani mwa bibi wa watu hakuwa amefikiria kuitafuta.

Ilikuwa mali ya Gligorije Paunović, mkulima wa mizabibu wa kijiji hikihiki. Saratani ilimla kaakaa, madaktari wakalikata, wakamwachia tundu kati ya kinywa na pua. Nundu ile ndiyo iliyokuwa ikiliziba tundu. Akiwa nayo, mzee alikula, alinywa na kutukana kama mtu mwingine yeyote. Akiivua, maneno yalimtokea puani kama mlio wa bomba bovu, na supu ilifuata njia hiyohiyo. Kijiji kilimbandika jina la Kizibo, kwa kuwa kijiji hakikuwa na kazi nyingine baada ya mavuno.

Kizibo alikutwa amekufa jikoni kwake, mkate kooni, kinywa kitupu. Mpwa wake Trailo, aliyekuwa akiishi naye kiwanja kimoja, aliapa kwamba Dokta Jagoda Vidaković, mtengenezaji wa meno hayo, aliyachukua kuyarekebisha na kumrudisha mzee nyumbani bila kitu mdomoni. Daktari aliapa kwamba alimvalisha kwa mikono yake mwenyewe. Sahihi ya mgonjwa haikuwepo, kwa sababu mkono wa kulia wa mgonjwa ulikuwa umepooza na haukuweza kushika hata kijiko. Basi likabaki neno la mpwa dhidi ya neno la daktari, na Kesić akaenda kumkamata daktari kliniki, mbele ya chumba kizima cha wagonjwa. Sasa Dokta Jagoda alikuwa amefungiwa nyumbani kwake na bangili ya polisi mguuni, na hati ya mashtaka ilikuwa ndani ya mkoba wa Ostojić, ikingoja sahihi ya saa sita mchana. Baada ya sahihi hiyo, gereza.

"Basi kesi imekwisha," alisema Ostojić. "Huyu ajuza naye alikuwa mgonjwa wake. Nimeuliza. Daktari amechanganya meno ya watu kama mwuza viazi anavyochanganya magunia. Ya Paunović kampa huyu, na Paunović kaenda zake mapengo."

"Na huyu akayavaa?"

"Sijui kama aliyavaa. Mimi ni mwanasheria."

"Hilo linaonekana," alisema Kesić, akavaa glavu.

Kwenye kiti kilichokuwa kichwani mwa jeneza aliketi dada wa marehemu, Bibi Stamena, amejifunga kitambaa cheusi mpaka kidevuni. Alikuwa akila karanga. Alipomwona Kesić akiinama juu ya uso wa Persida, aliacha kutafuna.

"Ukimwamsha," alisema, "utambembeleza mwenyewe mpaka alale."

"Namwangalia meno tu, bibi."

"Alipokuwa hai hukuja kumwangalia."

Kesić aliusukuma mdomo wa juu kwa kidole. Persida alikuwa amevaa meno yake, ya juu na ya chini, yamekaa barabara. Aliyasukuma kidogo ya juu, akamulika tochi. Kaakaa lilikuwa zima.

"Ana yake," alisema. "Na kaakaa lake halina tundu. Nundu ile haiingii kinywani humu hata ukipiga kwa nyundo."

"Basi alipewa ya ziada kwa makosa, akayatupa kwenye droo, na ndugu zake wakayaokota na kumzika nayo. Watu hawa wanaweza kuzika hata friji."

Kesić aliigeuza leso. Fundo lilifungwa kwa uzi mwekundu, na pamoja na meno mlikuwa na sarafu.

"Kitu chako mwenyewe hakifungwi uzi mwekundu," alisema. "Unavalishwa, au unawekewa mfukoni. Hiki ni kifurushi. Kuna mtu kamtuma Persida."

"Kamtuma wapi?"

"Kule anakokwenda."

Ostojić, ambaye alihamishwa kutoka Belgrade na bado alikuwa akilihesabu hilo kama tusi, alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye jeneza.

"Sema kwa lugha ya watu."

"Ukimzika baba yako ukasahau miwani yake, atakujia ndotoni kuidai. Basi unangoja jirani afe, unamwekea miwani jenezani, unamwambia: mpe baba. Bonde zima la Timok wanafanya hivyo. Mkeo akinunua nyumba huku, wataanza kumfundisha."

"Mungu apishe mbali." Ostojić alimgeukia Bibi Stamena. "Wewe mama! Nani kaweka kitu hiki?"

Bibi Stamena alitia karanga mdomoni.

"Mama, nakuuliza kwa jina la sheria."

"Barua ya maiti haisomwi njiani," alisema bibi. "Na mbele ya mtu anayevaa kofia kichwani pa dada yangu, mimi ni bubu."

Ostojić alitoka nje, akasimama kati ya misalaba akipangusa viatu kwa majani. "Una mpaka saa sita," alimwambia Kesić bila kugeuka. "Wakati huo mimi natia sahihi. Sitaandika kwenye hati ya serikali kwamba ushahidi umeletwa na posta ya kuzimu."

*

Dokta Jagoda Vidaković aliufungua mlango kabla Kesić hajamaliza kubisha. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele zilizokatwa kiume, amevaa soksi za sufi, na juu ya soksi moja ilikaa bangili nyeusi ya polisi.

"Umekuja kutafuta kwenye bomba la kwangu sasa?"

"Nimekuja kukuonyesha kitu."

Kesić aliiweka mezani mifuko miwili ya plastiki, mmoja wenye leso na mwingine wenye meno. Daktari hakuigusa leso. Aliuchukua mfuko wa meno, akaupeleka dirishani.

"Ni chake?"

"Unamwuliza mama kama mtoto ni wake." Aliugeuza mfuko kwenye mwanga. "Kilikuwa wapi?"

"Jenezani mwa Persida Barbulović."

"Na yule mwenye mkoba anasema nilichanganya."

"Anasema hivyo."

"Kaa chini, inspekta, maana hili litachukua muda na wewe si mwepesi." Alivuta kiti chake mwenyewe kwanza. "Gligorije alikuwa na kisukari. Alikuwa na valvu ya chuma moyoni, akimeza dawa ya kuzuia damu isigande. Taya lake lilichomwa kwa mionzi. Mtu wa namna hiyo ukimng'oa jino, jeraha halifungi. Ukimtoboa mfupa umpandie skrubu, mfupa unakufa na kutoka vipandevipande. Kwa hiyo hakuna kung'oa, hakuna kutoboa, hakuna kushikiza. Kuna kizibo tu, na kizibo kinashikwa na umbo lake peke yake. Kikibana, kinachimba kidonda kisichopona. Kikilegea, chakula kinapanda puani au kinashuka mapafuni. Nilimpima, nikachonga, nikampima tena. Na baada ya yote hayo, unadhani nilikitupa kwenye droo ya Persida?"

"Sidhani. Nataka kuthibitisha."

"Ungethibitisha kabla ya kunifunga pingu."

Daktari alimsogezea mfuko.

"Hapa juu ya nundu. Unaona kitu laini, cheupe, kama mpira?"

"Naona."

"Hiyo ni bitana. Niliiweka siku ile ya mwisho. Kabla ya hapo kizibo chote kilikuwa plastiki ngumu ya rangi ya ufizi, na ndiyo maana nilikichukua, kilikuwa kikimkwaruza. Sasa niambie bitana yangu nyeupe ina rangi gani hapa pembeni."

"Zambarau."

"Kwa nini?"

Kesić aliileta pua yake karibu na mfuko, kana kwamba angeweza kunusa kupitia plastiki. "Divai."

"Divai yake mwenyewe, nyeusi kama lami. Nilimkataza asiinywe mpaka bitana ikomae. Nilijua hatanisikia, wanaume wa huku wanadhani daktari anasema na ng'ombe. Na huku mkunjoni kuna makombo ya jibini. Kliniki yangu haina divai wala jibini, inspekta. Hata kahawa tunaletewa chungu."

"Anaweza kuwa mtu mwingine aliyevaa?"

"Kinywani mwa nani? Nitafutie bonde zima mtu mwenye tundu la umbo hili. Ukimpata nitamtengenezea bure."

Kesić alisimama, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Kizibo kilikuwa kimevaliwa baada ya kazi ya daktari, na kimevaliwa mezani kwa mzee, kwa divai na jibini. Yule mpwa aliyeapa kwamba mjomba alirudi mapengo alikuwa amesema uongo.

Aliuliza, "Kwa nini mtu amnyang'anye mzee meno?"

"Kesho yake alikuwa aende kwa hakimu. Alikuwa na mkataba na Trailo: Trailo amtunze mpaka kufa, kisha mizabibu iwe ya Trailo. Mzee alikuwa amechoka kutunzwa. Alisema walikuwa wakimlisha supu ya pakiti na kumfungia chumbani wageni wakija. Alitaka kuuvunja. Mkono hauandiki, kwa hiyo hakimu alisema lazima asikie kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa akifanya mazoezi ya maneno hayo kitini kwangu, mbele ya kioo, mpaka wagonjwa wengine wakayajua kwa moyo."

"Kwa nini hukuniambia haya siku nilipokuhoji?"

"Uliniuliza ufunguo wa kabati uko wapi," alisema Dokta Jagoda. "Nikakupa ufunguo wa kabati."

*

Kikanisani mishumaa ilikuwa imebadilishwa. Wanawake walikuwa wamekwenda kupika ngano ya mazishi, na Bibi Stamena alibaki peke yake na dada yake. Kesić aliketi kwenye benchi karibu naye. Hakutoa kitambulisho wala kalamu. Alitoa ile leso, akaitandaza gotini, akatikisa kichwa.

"Nimeona vifurushi vingi," alisema. "Hiki kimefungwa vibaya."

Bibi Stamena alitazama kwa jicho moja.

"Uzi umezungushwa kinyume," aliendelea Kesić. "Mshumaa hakuna. Na sarafu yenyewe siyo hata dinari, ni senti ya Ulaya. Sijui mwanamke gani wa kijiji hiki anaweza kufanya kazi ya ovyo namna hii. Labda macho yako yameanza kuchoka, bibi, ukampisha mtu yeyote tu."

"Macho yangu!" Karanga zilimwagika. "Mwanamke! Mwanamke gani, wewe? Mwanamke angeweka miguuni? Kitu cha mwanamume kinawekwa mkono wa kulia, mwenye kupeleka akiamka akishike. Miguuni unaweka viatu! Yeye kaweka meno miguuni. Mzee wa watu atakula kwa vidole vya miguu?"

"Kwa hiyo alikuwa mwanamume."

Bibi alifunga mdomo. Lakini alikuwa amekwishaanza, na aibu ya kazi mbaya iliyofanyika mbele ya jeneza la dada yake ilimwasha zaidi kuliko dhambi.

"Alikuja jana mchana, wanawake walipokwenda kula. Ananiambia, shangazi, mbwa wako analia nje, nenda ukamwangalie. Mimi sina mbwa. Yule wa mwisho alikanyagwa na trekta, kijiji kizima kinajua. Nikasema ehe, ngoja nikamwangalie mbwa. Nikasimama dirishani."

"Ukasikia?"

"Nina masikio. Hakujua hata maneno. Hakumsalimu, hakumwambia safari njema, kaanza moja kwa moja kama anaagiza bia: 'Persida, mpe Gligorije. Mwambie nimerudisha. Mwambie asije tena kukaa kitandani kwangu.' Halafu kaondoka mbio, na mlango hakuufunga, baridi yote ikamwingia dada yangu."

"Na ni nani huyo, bibi?"

"Mimi sitaji jina la mtu mbele ya maiti." Bibi Stamena aliokota karanga moja sakafuni, akaipuliza vumbi. "Lakini nyumba yake ina simba wawili wa plasta getini, na mmoja hana pua. Alipokuja kutoka Vienna alituambia sisi ni washenzi tunaoongea na maiti. Sasa naona na yeye amejifunza lugha. Ila lafudhi, Mungu wangu, lafudhi!"

*

Simba asiye na pua alikuwa wa upande wa kushoto. Nyuma yake ilisimama nyumba ya ghorofa tatu ambayo ghorofa mbili zake hazikuwa na madirisha, na nyuma ya nyumba hiyo, kama kibanda cha kuku, nyumba ndogo ya Gligorije. Trailo Paunović alimpokea Kesić ukumbini, kwenye kochi ambalo bado lilikuwa limevikwa plastiki ya dukani. Alikuwa mtu mnene mwenye saa kubwa, na macho ya mtu asiyelala.

"Rakia, inspekta? Pombe ya mjomba, Mungu amrehemu. Alijua kutengeneza, hilo tumpe."

"Siwezi. Nina maswali machache tu ya kufungia faili."

"Faili lifungwe, tupumzike. Yule mwanamke atafungwa miaka mingapi?"

"Hilo ni la hakimu. Uliandika kwamba mjomba alirudi kutoka kliniki hana meno."

"Kinywa kitupu kama mfuko wangu."

"Jioni hiyo alikula nini?"

"Supu. Alikula nini tena mtu asiye na meno? Tulimpa supu, ikamtoka puani, nikamwambia mke wangu, ona kazi ya madaktari."

"Hakunywa divai?"

"Divai! Hakuweza kumeza mate."

Kesić aliandika, akakunja karatasi. "Vizuri. Basi imebaki kukuarifu tu, kama ndugu wa karibu. Kizibo kimepatikana."

Trailo alikuwa ameinua glasi. Haikufika mdomoni.

"Kimepatikana wapi?"

"Kinakwenda maabara Belgrade mchana huu. Kuna divai juu yake, na bitana ambayo daktari aliiweka siku ileile. Watakikatakata, watakisaga unga, ndivyo wanavyofanya. Hakitarudi."

"Watakisaga." Trailo aliweka glasi chini, kando ya meza, ikaanguka kwenye zulia. Hakuitazama. "Lakini Persida bado hajafukiwa?"

"Sijamtaja Persida."

Jikoni redio ilikuwa ikipiga muziki wa tarumbeta. Mtu fulani, bila shaka mke, aliizima.

"Watu wanasema," alisema Trailo. "Kijiji kidogo. Watu wanasema kila kitu."

"Watu wanasema vilevile kwamba wewe huamini mambo hayo. Mtu wa Vienna. Kwamba kuongea na maiti ni ushenzi."

"Ni ushenzi!"

"Basi kwa nini unatokwa jasho? Ni plastiki tu, Trailo. Itasagwa, mjomba wako hatapelekewa chochote, na wewe utalala vizuri. Au hulali?"

Trailo alijaribu kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko. Alimtazama Kesić, akatazama mlango wa chumba cha kulala uliokuwa wazi, akatazama tena haraka pembeni.

"Anakaa kwenye ukingo wa kitanda," alisema kwa sauti ndogo. "Upande wangu. Anafungua mdomo na mle mna tundu jeusi, unaona mpaka ndani. Anataka kusema na haiwezekani. Nimetia kitanda chumba kingine. Anakuja."

"Ulikitoa wapi?"

"Kwenye glasi. Usiku anakiloweka kwenye glasi ya maji." Maneno yalianza kumtoka yakisukumana. "Nilitaka asubuhi moja tu asiongee! Moja tu. Aende kwa hakimu, apige kelele zake za puani, hakimu aseme huyu haeleweki, rudi siku nyingine. Mimi nimeilima mizabibu ile. Mimi ndiye niliyemsafisha haja zake! Asubuhi akaamka, akatafuta, akaanza kupiga meza. Nikamwambia kula kwanza, tutakitafuta. Nikamkatia mkate."

"Ulijua hawezi kumeza mkate bila hicho."

"Nilimchovyea kwenye maziwa!"

"Ulimkatia mkate, ukakaa ukamtazama."

"Nilikuwa nje. Nilikuwa nawasha gari. Nilikuwa nampeleka mimi mwenyewe kwa hakimu, Mungu ni shahidi." Trailo alimshika mkono. "Inspekta, ndugu yangu. Nitatia sahihi chochote. Lakini kirudishe jenezani kabla hawajafunga kifuniko. Mkono wa kulia, nimekosea, niliweka miguuni. Nitakupa chochote unachotaka. Kirudishe!"

Kesić aliuondoa mkono ule kwenye koti lake kama anaondoa kiwavi.

"Ulimwacha mwanamke aende gerezani kwa ajili yako," alisema, "na huruma uliyobakiwa nayo ni ya usingizi wako. Vaa viatu."

*

Ostojić alipokea simu akiwa amekwishafungua kofia ya kalamu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama maelezo ya Trailo yana sahihi, na alipoambiwa yanayo, akairudisha kofia ya kalamu.

"Basi mwambie daktari aende nyumbani."

"Yuko nyumbani."

"Basi mwambie atoke," alisema Ostojić, akakata.

Kesić alipiga magoti kwenye zulia la Dokta Jagoda kuifungua bangili. Kufuli lilikuwa gumu, na daktari hakusogeza mguu kumsaidia. Ilipoachia, alivaa viatu, akavaa koti, akachukua mkoba wake.

"Uko huru," alisema Kesić, ingawa tayari ilikuwa wazi.

"Ulinikamata wapi?"

"Kliniki."

"Saa ngapi za siku?"

"Za kazi."

"Na chumba kilikuwa kitupu?"

"Hapana."

"Kwa siku zote hizi wagonjwa wangu wanakaa pale bila mtu wa kuwatazama, maana hakuna mwingine anayetaka vinywa vyao. Na kila mmoja wao amebeba mdomoni kitu nilichokitengeneza mimi, na anajiuliza kama kitamuua." Alifungua mlango. "Tangulia, inspekta."

Kliniki ilikuwa ghorofa ya juu ya hospitali, mwisho wa ukumbi, mbali na wagonjwa wenye nyuso nzima. Chumba cha kungojea kilijaa. Alikuwepo mwanamume mwenye kipande cha kitambaa cheusi mahali pa shavu, mzee ambaye kichwa chake hakikuacha kutikisika, msichana mwenye mtungi wa hewa, na karibu na dirisha mwanamke aliyefunga skafu ya kijani usoni mpaka chini ya macho. Walimtambua Kesić. Mazungumzo yalikatika.

Dokta Jagoda alipita katikati yao bila kusimama, akaingia ofisini, akaanza kunawa mikono. Mlango aliuacha wazi.

"Dokta Vidaković hana kosa," alisema Kesić, akiitazama sakafu.

Mwanamke mwenye skafu ya kijani aliinua mkono, akaubonyeza uso wake chini ya kitambaa ili sauti isimkimbie. Kila neno lilimtoka polepole, kwa kazi.

"Hatukusikia. Sauti, baba."

Kesić alijikohoza. "Nasema, Dokta Vidaković hana kosa. Gligorije Paunović hakufa kwa mkono wake. Kizibo alimrudishia, na kilikuwa kizuri. Aliyekiiba amekamatwa."

"Na nani alisema ana kosa?" aliuliza mwanamume wa kitambaa cheusi.

"Mashahidi fulani walieleza kwamba..."

"Huyu hapa aliyemfunga pingu nani?" alikatiza mzee mwenye kutikisika. "Si wewe? Mbona kule kumkamata ulikusema kwa sauti nzuri, mpaka kioo kikatetema?"

"Ni mimi," alisema Kesić.

"Hatukusikia," alirudia mwanamke wa skafu.

Kesić aliinua uso. Walikuwa wakimtazama wote, kwa macho yao na kwa kile kilichobaki cha nyuso zao, bila haraka, kama watu ambao wamezoea kungoja.

"Mimi ndiye niliyemkamata," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ngazini. "Na nilikosea."

Ndani, maji yaliacha kutiririka. Dokta Jagoda alitokea mlangoni akikausha vidole kimoja kimoja, akamtazama Kesić kama mtu aliyesimama kwenye njia ya kupitisha kitanda.

"Ondoka hapo mlangoni," alisema. Kisha akakigeukia kile chumba. "Anayefuata."